Bendi imekufa, mwimbaji kabaki na gita: mfano wa TV Smith

Mleta mada, wewe ambaye bendi yako imevunjika, umeuliza kama kuna mwimbaji aliyetoka kwenye bendi yenye hit moja ya zamani akaenda solo miaka thelathini na ushee bila kufulia, tena kwenye muziki wa kelele kama punk ambao watu wanasema ni wa vijana tu. Wadau hapo juu wamekutajia Iggy Pop. Sawa, ni mkongwe na namheshimu, ila Iggy alipoanza solo 1977 alikuwa na nyota David Bowie studio na lebo kubwa ya RCA nyuma yake, hali yake na yako haziendani kabisa. Mtu wa kumwangalia ni TV Smith wa Uingereza.

Mimi niko Ujerumani, napiga kazi ya fundi mitambo ya sauti kwenye ukumbi mdogo wa shoo huku upande wa Ruhr, na huyu mzee nimeshamfungia maiki zaidi ya mara moja, kwa hiyo mengine nayasema kwa kuyaona.

Kwanza historia kidogo. Jamaa kazaliwa 1956, katoka Devon na mwenzake Gaye Advert aliyekuwa anapiga besi, wakaingia London na kuunda The Adverts. Mwanzoni mwa 1977 wakawa wanapiga pale Roxy, klabu iliyowatoa wengi. Walipoenda ziara na The Damned, bendi nyingine ya punk, tangazo lenyewe lilisema The Damned wanajua kodi (chords) tatu za gita, The Adverts wanajua moja, njooni msikilize zote nne! Mwaka huohuo wakatoa Gary Gilmore's Eyes, ikafika namba 18 kwenye chati ya Uingereza. Gilmore alikuwa muuaji aliyepigwa risasi kwa hukumu kule Utah, Marekani, Januari 1977 na aliomba macho yake wapewe watu wengine, sasa Smith akaandika wimbo wa mgonjwa anayezinduka hospitali na kugundua macho aliyowekewa ni ya yule bwana. Kijana wa miaka 21 anaandika kitu kama hicho, ujue sio mpiga kelele wa kawaida. Albamu ya kwanza ikatoka 1978, ya pili 1979, na kabla mwaka haujaisha bendi ikavunjika.

Hapa ndipo naomba utulie, maana ndipo ulipo wewe. Alijaribu bendi nyingine, The Explorers, albamu moja 1981. Akatoa albamu ya solo 1983, Channel Five, haikwenda popote. Baada ya hapo ni ukame mkuu, albamu ya solo iliyofuata, March of the Giants, imekuja 1992. Miaka tisa! Katikati hapo alikuwa na kabendi kingine kinaitwa Cheap na anaandika nyimbo ambazo lebo hazizitaki. Wengi wa rika lake waliishia hapo, wakarudi miaka ya baadaye kwenye shoo za kumbukumbu kuimba zilezile za 1977. Yeye kilichomwokoa ni kwamba hakuacha kuandika, na akakubali kusimama jukwaani peke yake na gita la akustiki.

Na mlango mkubwa ulifunguka huku, sio kwao. Die Toten Hosen wa Düsseldorf, bendi ya punk inayojaza viwanja Ujerumani, 1991 walifanya albamu ya kurudia nyimbo za punk za Kiingereza na wakawaita wenyewe waliozitunga, Smith akiwemo. Urafiki ukaendelea, akawasaidia kuandika mashairi ya Kiingereza, na 2001 wakaingia naye studio kurekodi upya nyimbo zake kwenye albamu ya Useless, wao wakiwa ndio bendi yake. Mpaka leo akija Ujerumani watu wapo. Finland amefanya kazi na Punk Lurex OK, Hispania ana vijana wanajiita The Bored Teenagers wanampigia nyimbo za Adverts. Yaani hana bendi ya kulisha mwaka mzima, lakini akitaka bendi anayo.

Sasa jukwaani inakuwaje. Mtu akisikia akustiki anafikiria kukaa kwenye stuli na kubembeleza. Hapana aisee. Anasimama, mguu unapiga, na ule mkono wa kulia ndio ngoma na besi kwa pamoja, anachapa nyuzi mfululizo kwa spidi ileile ya bendi. Mimi kwenye miksa kazi yangu kubwa kwake ni kupunguza mvumo wa chini wa gita, maana akichapa vile sanduku la gita linaunguruma na kufunika maneno, na maneno yake ndiyo watu wamelipia. Nikishapunguza hapo na kuinua sauti ya mdomo kidogo, basi, sishiki tena kitu mpaka mwisho. Ukiwa unafanya mazoezi peke yako anza na mkono wa kulia, mbwembwe za mkono wa kushoto zitakuja baadaye, bila mpigo ukumbi unakuwa baridi hata uwe na sauti ya dhahabu.

Hela. Bendi ya watu wanne inataka gari, dereva, vyumba, chakula, halafu kinachobaki mgawane. Yeye anakuja na treni, gita mgongoni na begi, na ukumbi wa watu themanini kwa mtu mmoja unalipa vizuri tu, mezani kuna CD na vitabu, maana diary zake za safari amezitoa kama vitabu na sio kimoja. Ndio maana anaweza kupiga shoo zaidi ya mia kwa mwaka na kurudi miji midogo ambayo bendi haziingii. Ukimsema kafulia kwa sababu hayupo kwenye TV utakuwa hujamuelewa.

Lakini kinachoniuma wakuu ni watu kuja ukumbini na kudai Gary Gilmore tu. Anaipiga, hana kinyongo nayo. Ila sikilizeni za baadaye! Kuna moja inaitwa Expensive Being Poor, inahusu masikini anavyolipa zaidi ya tajiri kwa kitu kilekile. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiria nyumbani, mafuta ya kula ya kupima, sabuni ya kipande, umeme wa LUKU wa elfu moja moja, mwisho wa mwezi umelipa kuliko mwenye kununua jumla. Mzungu wa Uingereza kaimba maisha ya mama zetu na wala hajui. Na 2020 alipoumwa Korona, shoo zimefungwa, hakukaa kulia, akatoa Lockdown Holiday mwaka huohuo. 2024 katoa nyingine, Handwriting.

Kwa hiyo mkuu, umesema una nyimbo sita mpya ambazo wenzako walizikataa kabla bendi haijavunjika, na unaogopa watu watataka ile ya zamani tu. Iimbe hiyo ya zamani, ila iweke katikati ya shoo, sio mwisho, ili wakae kusikia zingine. Tafuta baa yenye spika mbili na maiki ya uhakika, mkubaliane hela ya mlangoni, na hizo sita uzipige zote. Ukishapata tarehe weka hapa, kuna wadau wa Dar watakuja, na nikiwa likizo na mimi nitakuja nikufungie mitambo bure.