Je, Chembe za Chuma Huitafuta Saratani Kwapani?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Dada yangu mkubwa ana saratani ya titi la kushoto na anasubiri kufanyiwa upasuaji hapa Nairobi. Ameambiwa kwamba kabla ya siku hiyo atadungwa sindano ya chembe ndogo mno za chuma karibu na chuchu, ili tezi ya kwapani ipatikane. Shemeji yangu anahofia kwamba chuma hicho kitabaki mwilini na kuvutwa na mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu. Isitoshe, tumesikia kwamba tezi ikizinasa chembe hizo, saratani imekwisha kufika huko. Je, ni kweli?
Msomaji, Umoja

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalowakosesha usingizi. Chembe hizo haziitafuti saratani. Hufuata tu njia ambayo majimaji ya limfu, yaani yale yanayotoka kwenye nyama za mwili na kuchujwa na tezi, huipitia yanapotoka titini, na tezi ya kwanza kuyapokea ndiyo huzinasa. Madaktari hupenda kuiita tezi mlinzi, kwa sababu saratani ya titi inapoanza kuelekea kwapani, kwa kawaida hupiga hodi hapo kwanza. Tezi ikizinasa chembe, basi imejulikana ilipo. Kama ina ugonjwa au haina, atakayesema ni mwanapatholojia baada ya kuikata vipande vyembamba na kuitazama kwa hadubini. Ikiwa safi, tezi nyingine za kwapa huachwa mahali pake, na hiyo si faida ndogo, kwani wanaoondolewa tezi zote za kwapa huweza kubaki na mkono uliovimba kwa miaka mingi.

Njia iliyozoeleka zaidi ni ya dawa yenye mnururisho iitwayo teknesiamu, mara nyingi pamoja na rangi ya buluu. Nguvu ya teknesiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, hivyo hospitali lazima iwe na kitengo cha tiba ya nyuklia na kuipanga ratiba yake kwa saa. Chuma hakina haraka hiyo, na mgonjwa anaweza kudungwa siku kadhaa kabla. Siku ya upasuaji daktari huisaka tezi kwa kifaa kinachohisi sumaku, na wakati huo huviweka kando vyombo vyake vya chuma na kutumia vya plastiki, ili kifaa kisidanganyike.

Huenda uvumi mliousikia unatokana na matumizi mengine ya chembe za aina hiyo, ambapo hupitishwa kwenye mshipa wa damu na picha ya MRI hupigwa siku inayofuata. Hapo dalili ni kinyume kabisa cha mlivyoambiwa: tezi yenye afya huzimeza chembe na kuonekana nyeusi, ilhali sehemu iliyovamiwa na saratani hubaki nyeupe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003, uliowahusisha wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume nchini Marekani na Uholanzi, ulionyesha kwamba njia hiyo ilizitambua asilimia 90.5 ya tezi za limfu zenye ugonjwa, wakati MRI ya kawaida, ambayo hutegemea zaidi ukubwa wa tezi, ilitambua asilimia 35.4. Hata hivyo, ombi la kuiidhinisha dawa hiyo ya chembe za chuma Ulaya liliondolewa mwaka wa 2007, kwa hiyo asikuuzie mtu matumaini kwamba ni kipimo cha kila siku.

Mwambie shemeji yako kwamba mashine ya MRI haitazivuta chembe hizo; mwili huzivunja polepole na kukiweka chuma chake akibani pamoja na kile tunachokipata kwenye chakula. Ila dadako asishangae ngozi ya titi ikibaki na doa la kahawia kwa miezi, pengine zaidi. Chuma hicho pia huacha kivuli cheusi kwenye picha ya MRI ya titi. Kwa hiyo, iwapo madaktari wake wanakusudia kumpiga picha hiyo, waulizeni kama inaweza kufanywa kabla ya sindano, na awaeleze pia kama amewahi kudhuriwa na sindano ya madini ya chuma au ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani.