Jibu: Nataka kuandika historia ya ukoo wetu wa Kibosho, Kilimanjaro, nianzie wapi?

Mkuu, umesema wazee wawili wamekupa orodha za mababu zisizolingana, na mmoja anashikilia kwamba ukoo wenu ulitoka Misri. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana ushauri wa "waulize wazee" umeshatolewa sana na haumfikishi mtu popote.

Asili iache mwisho. Hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Koo nyingi za Uchagani (nchi ya Wachaga) husimulia kwamba zilitoka Ukamba, Taita, Upare au Umasaini, na hayo yanaweza kufuatiliwa. Misri na Israeli mara nyingi zimeingia kupitia Biblia na vijitabu vya koo vya miaka ya karibuni: mtu anaandika, mzee anasomewa, kesho anakusimulia wewe kama jambo alilorithi. Kwa hiyo muulize kila mzee, "Hili ulilisikia kwa nani, ukiwa na umri gani?" Andika jibu lake hata likiwa "nilisoma mahali".

Anza na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi. Tembea na mzee anayekaa hapo, asubuhi, kabla ya mbege (pombe ya ndizi). Simameni kwenye kila kaburi na umuulize mambo manne: huyu ni nani, alizaliwa na nani, nani alibaki hapa baada yake, nani alihama. Fuateni masale (mimea inayopandwa kuonyesha mpaka), kisha mfongo, yaani mfereji wa maji. Uliza nani aliuchimba, koo zipi zinagawana maji na zamu ilipangwaje. Ukoo uliochimba mfongo kwa kawaida ndio wenye usemi juu yake, hivyo mabishano ya maji hukuonyesha nani alitangulia kufika. Mzee aliyesimama shambani hukumbuka zaidi kuliko aliyekalishwa sebuleni na simu mbele ya pua.

Sasa, kwa nini orodha zako hazilingani. Sababu ya kwanza ni majina. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina linarudi kila baada ya kizazi kimoja. Ndesario anamzaa mtu, mtu huyo anamzaa Ndesario. Msimuliaji mmoja anawaunganisha wawili kuwa mmoja, mwingine anawahesabu vizuri. Dawa yake ni kutomwandika mtu kwa jina tupu. Mpe namba: mwanzilishi ni 1, wanawe 1.1 na 1.2, wajukuu 1.1.1 na kuendelea, na pembeni jina la mke wake na ukoo alikotoka huyo mke. Mke ndiye anayewatofautisha akina Ndesario wawili.

Ya pili ni urithi. Kihamba cha baba hubaki kwa kitindamimba, mkubwa hupewa sehemu yake, wa katikati wanatafuta pa kwenda. Mzee unayemhoji kihambani huwa wa tawi lililobaki, na matawi ya katikati kayasahau bila nia mbaya. Watafute waliko: tambarare, Arusha, Tanga, hata Mombasa. Na wahoji shangazi. Mabinti walioolewa nje hushika majina vizuri, na hawana kihamba cha kutetea.

Tarehe zipime kwa matukio, siyo kwa umri. Muulize mzee nani wa ukoo alikuwa hai wakati Wajerumani walipompiga Mangi (mtawala) Sina wa Kibosho (1891), wakati Mangi Meli wa Moshi aliponyongwa (1900), reli ya Tanga ilipofika Moshi (1911), Waingereza walipoingia (1916), KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilipoanza (1933), Mangi Mkuu wa Wachaga wote aliposimikwa (1952). Kisha piga hesabu ya miaka 25 hadi 30 kwa kizazi. Mzee aliyezaliwa 1940: baba yake kama 1910, babu 1880, baba wa babu 1850. Huyo wa mwisho angekuwa na miaka arobaini hivi 1891, kwa hiyo mzee akisema huyo alipigana upande wa Sina, inakubalika. Akisema aliyepigana ni babu wa vizazi vitano nyuma, orodha ina tatizo mahali.

Maandishi yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Misheni ya Kibosho ilianza 1893, na vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki wa enzi hizo viliandikwa kwa Kilatini. Huhitaji kukijua: pater ni baba, mater ni mama, natus amezaliwa, patrinus msimamizi. Nenda kwa paroko na barua ya ukoo, omba majina mahususi, usiombe kupiga picha kitabu kizima. Angalizo: umri wa mtu mzima aliyebatizwa ni makisio ya padri. Kwenye maandishi ya Kijerumani, ukitafuta "Kibosho" utakosa, tafuta Kiboscho. Machame ni Madschame, Uchaga ni Dschagga. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya Wajerumani na Waingereza. Uliza masharti yao kabla ya kupanda basi.

Kurekodi: washa hali ya ndegeni ili simu isiingie katikati, jaribu sekunde 30 na usikilize, usikae chini ya bati wakati wa mvua. Saa moja inatosha kwa kikao. Wahoji wazee mmoja mmoja kwanza. Ukianza na kikao cha pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia. Jina la faili liwe tarehe, jina na mahali, na nakala iwe sehemu mbili siku hiyohiyo. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita. Andika kwanza Kikibosho kama kilivyosemwa, Kiswahili baadaye.

Mkiwa na matoleo mawili, yaandike yote mawili na majina ya wasimulizi. Usiyachanganye upate la tatu ambalo hakuna aliyelisema.

Mipaka ya vihamba usiichore kitabuni. Kuna siku mtu atakibeba kwenda baraza la ardhi kama ushahidi. Kuhusu watoto wa nje ya ndoa, waulize wahusika wenyewe kabla ya kuwaandika.

Desemba usihoji, wazee wana wageni na michinjo. Lakini ndio mwezi wa kuhakiki, kwa sababu matawi ya katikati yamerudi. Chapa orodha kwa herufi kubwa, acha nafasi pana pembeni, toa kalamu za risasi, na wasioona vizuri wasomewe na wajukuu.