Mahandaki ya Cu Chi: gari yetu ama basi?

SWALI: Sasa mhariri, mimi na mzee wangu tunaenda Vietnam Disemba, tunataka kuona yale mahandaki ya vita, tulipie gari na mwongozaji wetu wenyewe ama tupande basi na wengine? – Mama Shiru, Umoja

JIBU: Mama Shiru, kama pesa iko chukueni yenu, alafu muombe mpelekwe sehemu ya mahandaki inaitwa Ben Duoc, juu ile ingine, Ben Dinh, iko karibu na Ho Chi Minh City na mabasi mengi hujaa huko. Njia zimepanuliwa kwa sababu ya wageni lakini bado unainama ama unatambaa, jasho tupu, so mzee kama magoti yanamsumbua abaki juu aangalie zile jiko zilizopitisha moshi chini ya ardhi utokee mbali, ndege za Marekani zisijue watu wako wapi. Muhogo wa kuchemsha mtapewa. Mkisikia bunduki msikimbie, ni watalii wanalenga shabaha, na risasi zinalipiwa.