Vitwitwi wa Mida: ndege adimu wa vuli tuwatafute vipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi, Kilifi. Pamoja na walimu wenzangu watano tumeanzisha matembezi ya kutazama ndege siku za Jumamosi. Mwezi wa tisa tulikwenda hori la Mida, na wiki nne baadaye tukarudi. Mara zote mbili tulifika saa tatu asubuhi tukakuta maji yametoka kabisa, ndege wako mbali, nukta tupu. Tuna darubini mbili za 10x50 (zinakuza mara kumi, lenzi za milimita 50) na skopu moja ya kuazima, ile darubini ya jicho moja inayosimama kwa miguu mitatu. Mara ya pili nilimwona kitwitwi mmoja wa rangi ya mchanga, mkubwa kuliko wenzake, mdomo mnene, miguu ya kijani iliyofifia. Kitabu kinaniambia ni Charadrius leschenaultii. Je, huyu ni adimu? Na tufanyeje ili tuwapate wale adimu wanaosemekana kupita majira haya?

JIBU: Salamu, Mwalimu. Nianze na lile lisilopendeza: ndege umemtambua sawasawa, lakini si adimu. Mida yupo kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Aprili, na wale ambao hawajafika umri wa kuzaa hubaki hata wakubwa wakishaondoka. Usivunjike moyo lakini. Ndugu yake mdogo, ambaye ndiye aliyejaa kwenye tope lile, huchanganywa naye na watu walioshika darubini miaka ishirini, nami nikiwemo jua likiwa usoni.

Kwa siku nyingine, anza na mdomo. Ukubwa hudanganya kama hakuna wa kulinganisha naye. Chukua urefu wa mdomo kwa jicho, kisha uulaze kichwani kuelekea nyuma kuanzia pale unapoota. Kwa yule mkubwa, mdomo huo utapita nyuma ya jicho kidogo. Kwa mdogo utaishia kwenye jicho, au usifike mwisho wake. Ncha ya mkubwa imechongoka, ya mdogo ni butu. Miguu ya mkubwa ni mirefu na ina ukijani au umanjano, ya mdogo huelekea weusi. Ila tope la mikoko huwapaka wote rangi moja, kwa hiyo ngoja mpaka avuke kidimbwi ndipo uamini miguu. Akiruka, vidole vya mkubwa hutokeza nyuma ya mkia. Na usishangae ukikuta vitabu vipya vinamwandika Anarhynchus badala ya Charadrius; ndege ni yule yule. Ndugu yake mdogo naye wamemgawa miaka michache iliyopita kuwa aina mbili, mmoja wa milima ya Asia ya Kati na mwingine wa mashariki ya Siberia. Wetu huku ni wale wa milimani. Kumtafuta Msiberia katikati yao ni kazi ya watu wenye subira na kamera nzuri, na mimi nimewaachia.

Sasa kwenye tatizo lenu hasa, ambalo wala si darubini. Ni maji.

Mlikwenda Jumamosi mbili zilizopishana siku 28. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu kurudi ulipokuwa. Maana yake mlirudi karibu kwenye maji yale yale, saa ile ile, mkaona kile kile. Kwa pwani yetu, siku za bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi kuandama na siku chache baada ya mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Mlipofika saa tatu, bahari ilikuwa inamalizia kutoka. Ndege wakati huo wana eneo kubwa la tope la kujimwaga, na hawana sababu ya kuwakaribia. Wiki inayofuata, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, lakini hayajai sana. Kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, maji makuu ya bamvua hufika mita tatu na nusu hivi, na ya maji mafu mita mbili na nusu kasoro. Ile mita moja inayopungua ndiyo inayowaachia ndege tope jingi la kukaa mbali nanyi.

Mnachotaka ni bamvua la jioni. Fikeni saa saba na nusu mchana, mkae mahali pamoja. Maji yanapopanda, tope linaliwa kutoka mbele kuja nyuma, na ndege wanasukumwa hatua kwa hatua hadi mlipo, wakiwa bado wanakula kwa pupa kwa sababu meza inaondolewa. Kati ya saa nane na saa tisa na nusu ndipo penye utamu wote. Baada ya hapo hutawanyika kwenda kupumzika mpaka maji yatoke tena, na hapo tazameni mikoko yenyewe: sululu, yule mwenye mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia, hupanda kukaa juu ya matawi, na pamoja naye yule kitwitwi wa mdomo uliopinda kwenda juu, Xenus cinereus, mwenye miguu ya manjano na mbio za mtu aliyechelewa gari.

Jambo la pili linaloifanya jioni kuwa bora ni jua. Daraja la mbao la Mida liko upande wa magharibi wa hori, upande wa barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Asubuhi unatazama mashariki, jua linakuchoma macho na kila ndege ni kivuli. Alasiri jua liko mgongoni, na hapo miguu ya kijani inakuwa kijani. Ada mnayolipa darajani, kwa wasiojua, husaidia karo za watoto wa vijiji vya kandokando, kwa hiyo msiilalamikie. Tembeeni kwa zamu, mbao zile huyumba, na mtu mmoja akipiga hatua skopu ya mwenzake inacheza ngoma.

Nikisema saa kumi namaanisha saa kumi ya Kiswahili. Nasisitiza kwa sababu niliwahi kumwandikia mgeni mmoja niliyekuwa nimtembeze "tide 10" kwa haraka, nikiwa bado na lugha ya wavuvi kichwani. Alikuja saa nne asubuhi, kofia mpya, chupa mbili za maji, akalisubiri lile bamvua juani saa sita nzima. Alinilipa, lakini hakunipigia tena. Jedwali huandikwa 16:00. Wavuvi watakwambia saa kumi. Hakikisha kikundi chako kizima kinazungumza saa moja.

Skopu ya kuazima itumieni kwa nguvu ndogo. Najua ina tarakimu 60 pale mwisho na mkono unawasha kuizungusha. Mchana wa pwani, hewa juu ya tope inachemka. Ukikuza mara 60 unakuza mvuke. Baki 25 au 30. Shusha miguu ya skopu hadi kimo cha mtu aliyekaa, mtundike mkoba wenye uzito katikati yake, upepo usiitikise. Darubini zenu za 10x50 zinafaa, ila nzito. Kwa msituni mtaona faida ya 8x42, kwa hapa tulieni nazo.

Kuhusu adimu wenyewe. Neno vuli linatuchanganya kidogo. Kule wanakotoka ni majira ya majani kupukutika na baridi kuingia. Huku kwetu vuli ni mvua. Ndege wanaikimbia vuli moja kuja kuingia kwenye nyingine. Na hawaji kwa mkupuo. Mchukue Calidris ferruginea, kitwitwi wa mdomo uliojikunja chini, anayezaa kaskazini kabisa ya Siberia. Madume huondoka kwanza, kisha majike, na vifaranga vya mwaka huo hufuata peke yao baadaye bila wa kuwaonyesha njia. Ndiyo maana Agosti utaona wachache bado wamevaa nyekundu ya ndoa, na kufikia Oktoba wamezidi wale wenye mgongo wa magamba nadhifu, manyoya mapya yenye kingo nyeupe. Hao ni watoto. Na watoto ndio wanaopotea njia. Kwa hiyo Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kushtuka.

Huyo ferruginea nataka mmjue kama mnavyomjua kunguru. Yeye ndiye kipimo. Ndege ambaye ningependa mmtafute msimu huu, Calidris falcinellus, hujificha katikati ya vitwitwi wadogo, na huonekana wachache tu Mida na kwenye mlango wa mto Sabaki. Ni mdogo kuliko ferruginea, miguu mifupi, na mdomo wake umenyooka vizuri halafu ghafla karibu na ncha unavunjika kwenda chini, kama mtu aliyeugonga ukutani. Kichwani ana nyusi mbili kila upande: moja pana juu ya jicho, na nyingine nyembamba juu yake. Ukiona nyusi mbili na mdomo uliovunjika, ita wenzako. Ukiona kimoja tu, endelea kutazama.

Njia ya kumpata ni kuhesabu. Sisemi kukagua, nasema kuhesabu. Anza kushoto, nenda kulia, taja kila ndege kwa jina, mwenzako aandike. Ukihesabu mia mbili unalazimika kumtazama kila mmoja, na yule asiyefanana anakukwama kooni. Anayezungusha skopu akitafuta adimu humkuta kila dakika tano, na kila mara si yeye.

Mkiwa hapo, msiwapite wale ndege wanaokula kaa, Dromas ardeola, weupe na weusi, mdomo kama jambia. Watembezaji tumewazoea kwa sababu Mida husimama kwa mamia, lakini huwapati popote tu duniani. Huzaa kwenye mchanga wa Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, ndani ya mashimo wanayochimba, yai moja jeupe. Halafu huja kwetu na mtoto, na mtoto hulishwa na wazazi hata huku, miezi baada ya kuruka. Tafuteni mwenye kijivu mgongoni anayemfuata mkubwa akilia. Wanafunzi wenu watacheka, kwa sababu kila nyumba ina mmoja.

Mvua za Novemba zikianza, inua macho pia. Kozi wadogo wa Amuri, Falco amurensis, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika wakielekea kusini, na hufuatana na mawingu ya mvua wakila kumbikumbi. Siku moja mbingu tupu, kesho wako mamia juu ya barabara ya Tsavo.

Na mkipata nafasi ya kusafiri, wiki ya mwezi mpya ya Novemba au Disemba ina kitu kingine. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wahamao hunaswa na kuvishwa pete za utambulisho mguuni usiku, kwa sababu giza la mwezi mpya likikutana na ukungu, ndege walio safarini huvutwa na taa za hoteli. Wengi ni ndege wadogo, shoro wa mabwawa na ndugu zao waimbao vichakani, na mara moja moja Acrocephalus griseldis, azaliwaye kwenye vinamasi vya Iraki na ambaye idadi yake duniani inatia wasiwasi. Mwezi mpya huo huo ndio unaoleta bamvua Mida. Usiku mnakesha Ngulia, siku ya pili mnateremka pwani, saa kumi jioni maji yanawangoja. Nimefanya hivyo mara mbili. Usingizi sikuupata, sijutii.

La mwisho ni ushahidi. Ukidhani umempata adimu, usifungue kitabu kwanza. Kitabu kitakuonyesha unachotaka kuona. Andika pale pale: saa, hali ya maji, umbali, jua liko wapi, mdomo, miguu, alivyotembea, alisimama na nani. Kisha piga picha kwa simu kupitia skopu, hata mbovu. Picha mbovu ya mdomo uliovunjika ina thamani kuliko maelezo mazuri. Mwite mwenzako amtazame bila kumwambia unafikiri ni nani. Kuna kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki inayopitia taarifa za namna hiyo, na haina huruma, jambo ambalo ni jema. Hesabu za kawaida pelekeni kwenye ramani ya ndege ya Kenya kwa simu. Ndege mia mbili wa kawaida waliohesabiwa vizuri wana kazi huko. Mkifika Nairobi siku ya Jumatano, jiungeni na matembezi ya asubuhi ya shirika la Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Kuna watu pale watakaokurekebisha bila kukuaibisha.

Msikanyage tope kuwafuata. Chaza waliokatika watawachana miguu, na kila mara mnapowarusha ndege wanachoma mafuta ambayo wamekuja kuyatafuta maili elfu kadhaa.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo angalieni mwezi kabla ya ratiba ya shule. Ukiwa mwembamba baada tu ya kuandama, au mpevu, nendeni saa saba na nusu mchana. Ukiwa nusu, pumzikeni, au nendeni msitu wa Arabuko-Sokoke ambako bahari haina la kusema. Na hiyo skopu ya kuazima, msiirudishe kabla ya Disemba.