Draivu ya CD Imekufa? Usitupe CD Zako za Gemu

Wengi tuliokua na gemu za kompyuta za miaka ya 2000 bado tuna boksi la CD mahali, chini ya kitanda au juu ya kabati: GTA Vice City, Age of Empires, Project I.G.I., Need for Speed. Laptopu za siku hizi nyingi haziji na draivu kabisa, na kwenye zile za zamani draivu huwa ndiyo ya kwanza kugoma. Ukienda kuulizia Kariakoo, ushauri utakaopewa haraka ni kubadilisha mashine. Mimi nakwambia usikimbilie huko. CD ikiwa nzima, gemu unayo. Unachohitaji ni draivu inayofanya kazi kwa muda ule tu wa kutengeneza nakala, na wala si lazima iwe yako.

Kabla ya yote, hakikisha imekufa kweli. Hapa Dar vumbi ni jingi na hewa ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo draivu nyingi zinazoitwa mbovu zimeziba lenzi tu. Weka CD, kisha sogeza sikio. Ukisikia inazunguka kwa kasi, inapunguza, inaanza upya, inapunguza tena, mota iko hai. Kinachoshindikana ni kusoma. Trei ikikataa kutoka, zima mashine, nyoosha klipu ya karatasi, ichomeke kwenye kitobo kidogo kilichopo usoni mwa draivu na usukume taratibu mpaka trei ijisogeze, halafu uivute kwa mkono. Kwenye laptopu utaiona lenzi hapohapo juu ya trei, kidoti kinachong'aa rangi ya bluu. Ipanguse kwa pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo tu, bila kukandamiza, maana imeshikiliwa na nyaya nyembamba mno. Usitumie spiriti ya vidonda ya duka la dawa, kwa sababu huwa imechanganywa na mafuta yanayoacha utando. Muombe fundi simu ile alkoholi anayosafishia saketi. Karibu kila fundi anayo.

Kwa kompyuta ya mezani, fungua ubavu uangalie waya wa data na wa umeme kwanza. Nimeona draivu ikihukumiwa kifo kumbe waya umelegea baada ya kompyuta kuhamishwa nyumba.

Ikishindikana, kuna draivu za nje za kuchomeka kwenye USB. Ni nyembamba, hazina adapta, zinakula umeme wa kompyuta yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanakwama. Mlango wa kawaida wa USB 2.0 unatoa miliampia 500, na draivu inapoanza kuzungusha diski inaweza kutaka zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyingine zina waya wenye vichwa viwili. Chomeka vyote viwili, moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukipitia kigawio cha USB kisicho na umeme wake, itawaka taa, italia kidogo, itakata, nawe utadhani umeuziwa kimeo. Ukiamua kubadilisha ile ya ndani, nenda dukani na ya zamani mkononi: za laptopu zipo za unene wa milimita 12.7 na za milimita 9.5, na ile nene haiingii kwenye nafasi ya nyembamba.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote ni kuazima. Hapa mjini bado zipo kompyuta zenye draivu nzuri, tena zinazofanya kazi kila siku. Nenda kwa wapiga video za harusi na send-off, au kwenye steshenari za mtaani. Karibu na kwangu Sinza kuna mzee mwenye steshenari, na kompyuta yake ya mezani ina draivu nzima kabisa. Nilimwendea na boksi langu.

“Shikamoo mzee. Naomba nitumie mashine yako kunakili CD zangu.”

“Marahaba kijana. Njoo jioni wateja wakipungua. Na flashi yako uiskani kwanza kabla hujaichomeka.”

Pale niliweka ImgBurn, programu ya bure, nikachagua kutengeneza faili kutoka kwenye diski. Inachukua CD nzima na kuigeuza faili moja la ISO. CD iliyojaa ni takriban MB 700. DVD ya kawaida ni GB 4.7, na yenye tabaka mbili inafika GB 8.5. Usikopi tu mafolda ya ndani ya CD ukadhani umemaliza, kwa sababu gemu nyingi huangalia jina la diski na mpangilio wake, na folda peke yake halina hivyo.

Jambo moja kuhusu flashi. Flashi nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Utakuwa na flashi ya GB 32 iliyo tupu, na bado kompyuta itagoma kuingiza ISO ya DVD ikisema faili ni kubwa mno. Flashi ni nzima, usiitupe. Ifomati kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Nyumbani sasa. Kuanzia Windows 8 kuja juu, bofya ISO mara mbili tu. Kompyuta itaonyesha draivu mpya kana kwamba umeingiza CD. Windows 7 na XP zinahitaji programu ya ziada, na WinCDEmu inatosha na ni ya bure. Ingiza gemu kutokea kwenye hiyo draivu ya bandia, kwa sababu gemu nyingi za zamani hukumbuka herufi ya draivu zilikotokea na huitafuta hiyohiyo kila ukizifungua. Gemu ya CD mbili, kama Vice City, ikiomba ya pili, toa ISO ya kwanza kabla ya kufungua inayofuata, ili ipate herufi ileile.

Gemu zenye muziki uliorekodiwa kama nyimbo za CD zina taabu yake. Quake ya 1996 ni mfano mzuri: muziki wake, uliotungwa na Nine Inch Nails, uko kwenye diski kama nyimbo za kawaida, na ISO haibebi nyimbo za namna hiyo. Utacheza kimya kimya. CD kama hiyo inatakiwa kunakiliwa kwa mtindo wa BIN na CUE, ambao ImgBurn huuchagua yenyewe ikikuta nyimbo. Windows peke yake haiufungui. Hapo tafuta programu kama Daemon Tools.

Sasa hili ndilo linalowapotezea watu hela. Gemu nyingi za wakati ule zilifungwa na ulinzi wa kuzuia kunakili CD uitwao SafeDisc, uliotegemea faili la Windows liitwalo secdrv.sys. Faili hilo lilikuwa na tundu la usalama. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikulibeba, na Septemba mwaka huohuo Microsoft ikalizima kwenye Vista, 7 na 8 kupitia sasisho. Maana yake, gemu ya SafeDisc haitafunguka kwenye Windows mpya hata ukiwa na draivu mpya na CD halisi inayong'aa. Kwa hiyo kabla hujanunua draivu yoyote, tafuta kwanza gemu yako ilitumia ulinzi gani.

Kama ni huo, kuna njia halali. Baadhi ya kampuni zilitoa masasisho yao yanayoondoa ulazima wa CD. Blizzard ilifanya hivyo mwaka 2008 kwa StarCraft, Warcraft III na Diablo II, na StarCraft ya mwanzo ikawa ya bure mwaka 2017. Duka la mtandaoni la GOG, lililoanza 2008, linauza gemu za zamani zisizo na ulinzi kabisa. Subiri punguzo, halafu pakua kwa bando la usiku. Na ukibahatika kuwa na kompyuta ya XP, ambayo sasisho lile halikuigusa, itunze kwa ajili ya gemu tu na usiiunganishe na intaneti. Yale mafaili ya kukwepa CD yanayogawiwa kwenye tovuti zisizojulikana yaache. Virusi wengi hupitia humo, na kompyuta hiyohiyo ndiyo unayotumia kwa mambo ya benki.

Namba ya siri iliyoandikwa kwenye kasha, iandike kwenye faili la maandishi uliweke folda moja na ISO. Bila hiyo nakala haina kazi.

Siku ya kuazima, anza na CD zilizokwaruzika au kubanduka upande wa lebo. Kwenye CD, tabaka lenye data liko chini kidogo tu ya lebo, na likibanduka hakuna wa kulirudisha. Mikwaruzo ya upande wa chini mara nyingi bado husomeka. DVD data yake iko katikati ya plastiki mbili, hizo zinaweza kusubiri jioni nyingine.