Fimbo ya ethi iliyong'oka kama muhogo

Mhariri, katika toleo lililopita mmetuuliza wasomaji: fundi akikutajia bei moja kabla ya kazi, kisha katikati ya kazi akaja na nyingine iliyozidi ile ya kwanza mara kadhaa, umlipe au umkatalie? Swali hilo lilinichemsha damu, kwa sababu mwezi Machi mwaka huu fundi umeme alinitajia shilingi 45,000, na hadi anafunga begi lake la vifaa nilikuwa nimeshatoa 780,000, fedha niliyokuwa nimeidunduliza kwa ajili ya gata na simtanki. Nilishika kalamu nikiwa na jibu tayari: akataliwe, na ikibidi apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nyumba yangu iko Igogo, jijini Mwanza, kule juu mlimani ambako kila tofali na kila ndoo ya mchanga hupandishwa kichwani. Niliijenga mwaka 2009. Anayeujua mji wetu hahitaji kuelezwa kwamba msingi wake umekaa juu ya jiwe, na kwamba shimo la choo lilichimbwa majuma matatu likaishia futi chache. Kilichoharibika safari hii kilikuwa soketi ya friji jikoni, iliyoyeyuka upande mmoja na kutoa harufu ya plastiki iliyoungua. Nilimpigia fundi simu, nikamweleza, naye akanipa bei papo hapo kwenye simu: 45,000, soketi mpya pamoja na ufundi.

Alipofika hakuanza na soketi. Alimwona mke wangu akivaa kandambili mlangoni mwa jikoni kabla ya kufungua friji, akamuuliza sababu. Mke wangu alimjibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, kwamba friji hilo linapiga shoti kidogo ukiligusa ukiwa miguu mitupu, hasa sakafu ikiwa na maji. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka mingi. Hata wajukuu wakija likizo, jambo la kwanza wanaloambiwa baada ya salamu ni kuvaa kandambili jikoni. Fundi aliweka bisibisi yake mezani, akasema, "Mwalimu, naomba unionyeshe ethi yako iko wapi."

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye kona iliyo kati ya karo na jiwe kubwa, ambako kichwa cha fimbo ya ethi, kile chuma cha kupeleka umeme unaovuja ardhini, kilikuwa kimechomoza kidogo juu ya ardhi, kimefungwa waya wake wa kijani kwa kibano, na kwa macho yangu kila kitu kilikuwa sawasawa. Alichuchumaa, akaishika fimbo kwa mkono mmoja, akaitikisa, kisha akaivuta, nayo ikatoka yote kama muhogo uliooteshwa kwenye kichanga. Haikufikia urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Fimbo ya kawaida ina urefu wa futi nne au zaidi, lakini hii ilikuwa imekatwa, na kwenye ncha yake alama za msumeno wa chuma zilikuwa bado zinaonekana ndani ya kutu. Aliyeifunga mwaka 2009 aligonga, akakutana na mwamba, akakata sehemu iliyobaki, akafukia kipande, akachukua fedha yake akashuka mlima. "Hii ni ethi ya picha," alisema fundi, wala hakucheka.

Alinieleza kwamba kazi ya ethi ni kuupokea umeme unaovuja kwenye bodi la friji au la pampu na kuupeleka kwenye udongo wenye unyevu. Ukikosa njia hiyo, umeme huo hubaki pale ukimngoja mtu. Hata fimbo nzima peke yake mara nyingi haitoshi kuikata breka ya kawaida, ndiyo maana hufungwa pia ile breka inayonusa uvujaji, ambayo mafundi huiita ELCB, nami sikuwa nayo. Udongo wa kufaa ulikuwa chini kabisa ya kiwanja, karibu na migomba, zaidi ya meta 30 kutoka kwenye meni swichi. Vijana wawili walichimba nusu siku. Fimbo mbili ziligongwa kwa kuachana, zikazungushiwa mkaa na chumvi, shimo likamwagiwa maji, na tukaagizwa kulimwagia tena wakati wa kiangazi. Waya wa shaba wa kufika huko ndio uliomeza fedha, na hapo shimoni ndipo tulipogombana kwa sauti hadi majirani wakatoka nje. Nilimwambia amekuja kunikamua. Yeye alinionyesha ziwani, ambako mawingu ya jioni yalikuwa yanajikusanya, akaniuliza kama radi za usiku za ziwa hili nazo zitanikopesha muda.

Tuliporudi ndani alifungua meni swichi, akakuta waya wa jiko na friji ni wa milimeta za mraba 1.5, huku breka inayoulinda ni ya ampia 32. Alipouchomoa waya ukutani, plastiki yake ilivunjika vidoleni kama ganda la karanga. Waya mwembamba kiasi hicho huungua kabla breka kubwa hivyo haijajua kuna tatizo. Aliuliza ni nani aliyeiweka, nami nikanyamaza.

Niliiweka mimi. Breka ya kwanza ilikuwa inajikata kila tulipowasha jiko la umeme na pasi kwa pamoja, nikamwagiza fundi wa wakati huo alete kubwa isiyosumbua. Hilo sikumwambia fundi wa Machi, na sikuwa nimekusudia kuliandika hapa.

Kwa hiyo jibu langu limenigeuka mkononi: nililipa, na naona nilipaswa kulipa. Hata hivyo simwoni malaika. Kosa lake ni kutaja bei kwa simu bila kuona, na vifaa alivinunua mwenyewe bila kuniletea risiti, kwa hiyo sina uhakika ni kiasi gani kiliishia mfukoni mwake. Afadhali mwenye nyumba aende dukani mwenyewe na orodha iliyoandikwa na fundi, na bei yoyote ya ziada ikubaliwe baada ya kuonyeshwa kilichoharibika, si baada ya ukuta kuchimbwa. Wengine watasema tudai leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nami naafiki, ila fomu ya kuungiwa umeme ya nyumba yangu ilikuwa na muhuri na saini ya mkandarasi ambaye hadi leo sijawahi kumtia machoni.

Vyumba vya kulala bado vina nyaya za zamani. Safari hii fundi alikuja, akafungua soketi zote nne mbele yangu, akaandika 310,000 kwenye karatasi. Ni fundi yule yule. Nimemwambia bei ni kubwa mno, apunguze, na anisubiri hadi pensheni ya mwezi ujao.