Deksa kwa koo linalouma: kwa tabibu anayeanza kazi

Ukianza kazi zahanati yoyote ya Tanga mjini, wiki haiishi hujaombwa deksa. Mgonjwa anaingia ameshika shingo, anakwambia hata uji haupiti, kisha dawa anaitaja mwenyewe: "Daktari, nipe deksa tu, jirani yangu alimeza akapona." Foleni imefika mlangoni na dawa ipo kabatini. Nieleze ninavyoamua mimi.

Mgonjwa huyo hajakosea kabisa. Deksamethazoni, ndiyo hiyo deksa, ni dawa ya kundi la steroidi: hushusha uvimbe wa koo, na uvimbe ukishuka maumivu hupungua. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2017, uliojumlisha tafiti 10 na wagonjwa 1,426, ulionyesha kuwa waliopewa steroidi walianza kupata nafuu karibu saa 5 mapema kuliko wenzao, na maumivu yakaisha kabisa kama saa 11 mapema. Ni saa, si siku. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa watu wazima zaidi ya 500 ambao hawakupewa antibiotiki palepale. Nusu walimeza miligramu 10 mara moja, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya saa 24 hapakuwa na tofauti ya maana. Baada ya saa 48, waliopona kabisa walikuwa 35 kwa kila 100 waliomeza deksa, na 27 kwa kila 100 wa upande wa pili.

Faida ipo, ila ni ndogo, na ni ya dozi moja. Hapo ndipo mtaani panapoharibika. Vidonge vingi vya deksa vinavyouzwa ni vya nusu miligramu. Miligramu 10 ni vidonge 20 kwa mkupuo. Anayenunua viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano hajapata dozi iliyofanyiwa utafiti, ila amejizoesha steroidi. Wengine huendelea nayo miezi kwa sababu inawanenepesha. Muulize waziwazi kama anaitumia, bila kumwaibisha, maana aliyeitumia muda mrefu hatakiwi kuiacha ghafla.

Kabla ya dawa yoyote, washa tochi. Nakumbuka dalali mmoja wa samaki wa soko la Deep Sea, kijana mwenye nguvu zake, aliyetaka sindano ya deksa awahi mnada. Mdomo haukufunguka zaidi ya vidole viwili, mate yanamtoka, anaongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Upande mmoja wa koo ulikuwa umevimba hadi kimio kimesukumwa pembeni. Lile lilikuwa jipu nyuma ya tonsesi, akapelekwa hospitali ya Bombo likatolewe usaha. Pumzi inayokoroma nayo ni rufaa ya haraka. Utando wa kijivu ulioganda kooni, fikiria dondakoo. Utando mweupe unaokwanguka ni fangasi. Hapo zungumza naye juu ya kipimo cha VVU, na deksa iache kabisa.

Mwenye kisukari sukari yake itapanda. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayetibiwa kifua kikuu, mwenye kinga dhaifu: hao siwapi kwa ajili ya koo. Watoto wana hesabu yao, msiwapimie kwa haya ninayoyasema.

Aliyebaki, mtu mzima mwenye koo la kawaida, mwanzie parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, asizidishe gramu 4 kwa siku, au ibuprofeni baada ya kula kama tumbo linaruhusu. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Deksa mimi naiweka kwa yule ambaye maumivu ni makali kiasi kwamba hanywi maji ya kutosha, na nimesharidhika kwamba hana hayo niliyoyataja. Kumbuka haiui bakteria: mwenye homa, usaha kwenye tonsesi, tezi za shingo zinazouma na asiye na kikohozi, suala la antibiotiki uliamue kando na la deksa.

Ukimpa, ameze mbele yako. Andika kwenye kadi jina la dawa, miligramu, "mara moja tu" na tarehe, ili wa zamu ya kesho asije akamwongezea nyingine.